Usiniambie Kinafanana, Niambie Kinasema Nini

Tangu mwaka 1977, kila mara riwaya ya Terry Brooks iitwayo The Sword of Shannara inapotajwa mbele ya wapenzi wa fantasia, jibu huwa tayari: hiyo ni nakala ya Tolkien. Miongoni mwa wanaosema hivyo wamo waliokisoma kitabu chote, wamo walioishia sura ya tano, na wamo ambao hawajawahi hata kukishika. Wote hutoa tamko lilelile kwa uhakika uleule. Mimi nalipinga tamko hilo. Sikatai kwamba vitabu hivi viwili vinafanana. Vinafanana, tena sana, na nitaonyesha wapi. Ninachokataa ni ile hatua inayofuata, ambayo watu huipita bila kuifikiria: kwamba ukishaona kufanana umeshamaliza kusoma, umeshahukumu, na kitabu kirudi rafuni. Huko ni kukataa kusoma, hata kukivikwa joho la ujuzi.

Nianze na ushahidi wa washitaki, maana wana haki ya kusikilizwa hadi mwisho. The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien ilitoka kwa juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955. Humo yumo Frodo, anayeishi mahali patulivu paitwapo Shire, hadi mchawi Gandalf anapomletea habari kwamba pete aliyoirithi ndiyo anayoisaka adui mkuu wa dunia. Kwa Brooks yumo Shea Ohmsford, kijana aliyelelewa na mwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha Shady Vale, hadi Allanon, mtu mrefu aliyevaa nguo nyeusi, anapomletea habari kwamba damu ya Kielfi iliyo mwilini mwake ndiyo pekee inayoweza kuuamsha upanga wa kale dhidi ya Brona, Bwana Mchawi wa kaskazini. Frodo anawindwa na wapanda farasi weusi, Shea anawindwa na watumishi wa Brona wenye mabawa. Frodo anapata baraza na msafara wa watu tisa huko Rivendell, Shea anapata baraza na msafara wa watu wanane huko Culhaven. Gandalf anatumbukia shimoni Moria akipambana na jitu la moto na baadaye anarejea. Allanon anatumbukia katika shimo la moto la ngome ya Paranor akiwa amekabana na mmoja wa wale wenye mabawa, na yeye pia anarejea. Mshauri mwovu anayemharibu mtawala kwa maneno yupo kwa wote wawili: Wormtongue huku, Stenmin kule. Kiumbe dhaifu aliyerukwa na akili kwa ajili ya kitu anachokikumbatia yupo pia: Gollum, na Orl Fane. Na mji mkubwa wenye kuta unazingirwa na jeshi la giza mara zote mbili.

Huo ni ushahidi mzito na siutafutii visingizio. Mtu aliyesoma Tolkien juma lililopita, akifungua Brooks leo, atajihisi anapita njia aliyokwisha kuipita, walau katika theluthi ya kwanza. Hisia hiyo ni ya kweli. Swali langu ni nini cha kufanya nayo.

Kabla ya kulijibu, ni vema tujue tuhuma hii ilizaliwaje, kwa sababu haikuzaliwa na wasomaji peke yao. Brooks, mzaliwa wa Sterling katika jimbo la Illinois, alianza kuiandika riwaya hii mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa sheria, na alikuja kuwa wakili. Mswada wake ulipofika kampuni ya Ballantine ulimwangukia Lester del Rey, mhariri aliyeamini kwamba wasomaji wa Tolkien nchini Marekani walikuwa na njaa ambayo hakuna mchapishaji aliyeishughulikia. Tolkien alikuwa ameshafariki, mwaka 1973. Del Rey alimrudisha Brooks mezani kuandika upya sehemu kubwa ya kazi, kisha akaifanya kuwa kitabu cha kwanza cha chapa mpya iliyobeba jina la Del Rey. Michoro yake ilifanywa na ndugu wawili, Greg na Tim Hildebrandt, ambao wakati huohuo walikuwa wakijulikana kote kwa kalenda zao za picha za Tolkien. Tafakari maana ya uamuzi huo. Kabla msomaji hajafika mstari wa kwanza, jicho lake limeshaambiwa alinganishe. Kufanana kuliuzwa. Na kuliuzika: kikawa kitabu cha kwanza cha hadithi za kubuni kuingia katika orodha ya gazeti la The New York Times ya vitabu vya jalada laini vya ukubwa mkubwa vinavyouzwa zaidi.

Hapo ndipo waliokipenda kitabu cha Tolkien walipokasirika. Lin Carter, ambaye miaka michache kabla alikuwa mshauri wa mfululizo wa fantasia wa Ballantine hiyohiyo, alikishutumu kwa ukali mkubwa, akakiita wizi wa kitabu kizima. Naielewa hasira yake. Carter alikuwa ametumia miaka akiwarudisha sokoni waandishi wa zamani wa fantasia, wa kila aina na kila sauti, na mbele ya macho yake soko likaanza kuelekea njia moja tu. Ila hasira hiyo ilikuwa ya mtu wa biashara ya vitabu juu ya mwelekeo wa biashara ya vitabu. Ilipopita kutoka kwake kwenda kwa wasomaji ikapoteza chanzo chake na kubaki hukumu juu ya kurasa zenyewe, na miaka karibu 50 baadaye bado inatolewa na watu wasiojua Carter alikuwa nani wala aliogopa nini.

Sasa tuingie ndani ya kitabu, mahali ambapo mashitaka huwa hayafiki.

Upanga wa Shannara haukati. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayekiita kitabu hiki nakala anapaswa kulieleza, na sijawahi kuona akilieleza. Kwa zaidi ya kurasa 700 wahusika wanautafuta upanga huu, wanakufa kwa ajili yake, majeshi yanasogea kwa sababu yake, na wote, pamoja na msomaji, wanadhani wanatafuta silaha. Shea anapoushika hatimaye, ndani ya ngome ya Brona, hauwaki moto wala hautoi radi. Unamwonyesha Shea kwa Shea. Anauona uongo wake mdogomdogo wa miaka yote, majivuno aliyoyaita ushujaa, mambo aliyojidanganya nayo ili aweze kuishi na nafsi yake. Nguvu ya upanga ni ukweli, na kabla haujamgusa adui unamgusa aliyeushika. Asiyeweza kuustahimili hawezi kuutumia. Shea anaustahimili kwa sababu anakubali kwamba yeye ni mtu wa kawaida mwenye kasoro za kawaida. Unapomgusa Brona, naye anaonyeshwa nafsi yake: kwamba mwili wake ulikufa zamani sana, na kwamba kilichomfanya aendelee kuwepo ni imani yake mwenyewe kwamba yu hai. Anapolazimishwa kuujua ukweli huo anatoweka. Hakuna kishindo wala pigo la mwisho. Uongo umejulikana na mwenye uongo huo, basi.

Linganisha na pete. Pete ya Tolkien ni mamlaka, na somo lake kuu ni kwamba mamlaka ya namna hiyo haishikiki: mwema akiishika itamgeuza mbaya, kwa hiyo lazima iharibiwe. Frodo mwenyewe, mwishoni kabisa, anashindwa kuiachia, na dunia inaokolewa kwa sababu ya huruma aliyomwonyesha Gollum huko nyuma. Ni mwisho mkuu, na sitaki mtu adhani naushusha. Lakini unaelekea upande mwingine kabisa. Kwa Tolkien wokovu unakuja kwa kuacha kitu. Kwa Brooks unakuja kwa kushika kitu ambacho kila kiungo cha mwili kinataka kukitupa. Swali la Tolkien ni nani anaweza kukataa nguvu. Swali la Brooks ni nani anaweza kuvumilia kujijua. Anayesema vitabu hivi ni kimoja anatuambia kwamba maswali haya mawili ni moja, na huyo nitamwomba ayasome tena yote mawili.

Na ukishaujua mwisho huo, rudi nyuma ukamtazame Allanon, yule anayedaiwa kuwa Gandalf aliyebadilishwa jina. Katika sura ya pili tu ya The Lord of the Rings, Gandalf anakaa na Frodo na kumweleza karibu kila kitu: pete ni nini, ilitoka wapi, nani anaitaka, nini kitatokea isipoangamizwa. Frodo anaondoka nyumbani akijua. Allanon anafanya kinyume. Anamweleza Shea historia ndefu, kweli, lakini anamficha jambo moja ambalo ndilo kiini cha yote: nguvu ya upanga ni nini. Anampeleka kijana kwenye kifo bila kumwambia anachokwenda kukifanya, halafu baadaye anakiri kwamba alificha kwa makusudi, kwa kuamini kwamba Shea angeambiwa mapema asingesadiki. Hebu pima jambo hili. Silaha ya ukweli inamfikia mtumiaji wake kwa njia ya kufichwa ukweli. Msomaji anayejua kusoma atauliza kama Allanon alikuwa na haki hiyo, na kama mtu anayewatumia wengine kwa ajili ya mema, huku akiwanyima habari, ana tofauti ya kutosha na yule anayempinga. Brooks hakulijibu swali hilo haraka. Katika vitabu vilivyofuata wazao wa Shea wanamtazama Allanon kwa shaka hiyohiyo, wakimuuliza anawaficha nini safari hii. Joho la Allanon na Gandalf linaweza kuwa limeshonwa na fundi mmoja. Mwenendo wao ni wa watu wawili wasiofanana hata kidogo.

Kuna pia suala la dunia yenyewe. Dunia ya Tolkien ni zama za kale za kubuni, na huzuni yake yote inatokana na kwamba mambo mazuri yanaondoka: Waelfi wanapanda majahazi na hawarudi. Dunia ya Brooks ni hii yetu, baada ya sisi kuiharibu. Vita vikubwa vya wanadamu wa zamani, yaani sisi, viliteketeza mataifa na elimu yao, na vizazi vya walionusurika vilibadilika kufuatana na mahali walipojificha. Vibete, mazimwi na jamii ya Gnome ni wazao wa binadamu. Waelfi pekee ndio waliokuwepo tangu kale. Njiani msafara unapita katika magofu ya mji wa zamani, mifupa ya chuma iliyoota kutu, na humo wanashambuliwa na kiumbe ambaye nusu yake ni nyama na nusu yake ni mashine. Hakuna mahali katika The Lord of the Rings ambapo tukio hilo lingeweza kukaa. Kitabu kilichoandikwa kati ya 1967 na katikati ya miaka ya 1970, wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti zikielekezeana makombora ya nyuklia, kina hofu yake chenyewe, na hofu hiyo haikuazimwa kwa profesa wa Oxford.

Kutoka hapo linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote katika riwaya hii, na ndilo linalotajwa mara chache kuliko yote. Katikati ya safari Shea anapotezana na wenzake na kuangukia mikononi mwa Panamon Creel, mwizi mwenye mavazi mekundu na ncha ya chuma mahali pa mkono mmoja, mwongo hodari na mcheshi. Mwenzake Panamon ni Keltset, zimwi la milimani, bubu, ambaye Panamon mwenyewe hajui alikotoka. Kwa Tolkien mazimwi ni maadui tu. Hatuulizwi kamwe wanahisi nini. Hapa zimwi linageuka kuwa mtu mwenye heshima kubwa miongoni mwa watu wake, aliyewahi kutunukiwa nishani yao ya juu kabisa, na ndilo linalosimama chini ya mwamba unaoanguka, likaushikilia mpaka Shea na Panamon wapite, likafa humo. Kwa kuwa mazimwi ni wazao wa binadamu, uadui wao ni wa kihistoria. Una mwanzo, kwa hiyo unaweza kuwa na mwisho. Brooks alisema waziwazi kwamba alikulia katika visa vya akina Walter Scott, Alexandre Dumas na Robert Louis Stevenson, na katika kurasa za Panamon huko ndiko tuliko: kwa majambazi wenye maneno matamu na urafiki usiotarajiwa barabarani. Mtu akikisoma kitabu kwa kidole kimoja juu ya Tolkien, kurasa hizi hataziona, kwa sababu hazina mwenza upande wa pili.

Watetezi wa tuhuma wana hoja moja yenye nguvu, nami sitaikwepa. Wanasema: sawa, kila mwandishi huazima, lakini kuna tofauti kati ya kuchota katika hazina ya kale isiyo na mwenyewe na kumchukulia mtu wa juzi ambaye vitabu vyake bado viko dukani. Tolkien, wanasema, alichukua kwa wafu wa zamani. Majina ya vibete wake, na hata jina la Gandalf, aliyatoa katika shairi la kale la Kinorse, Völuspá. Mwizi wa kikombe anayeliamsha joka yumo katika Beowulf. Kisa cha shujaa wake Túrin kimetoka kwa Kullervo wa Kalevala ya Wafini. Hayo ni urithi wa wote. Brooks alimchukulia jirani.

Hoja nzuri, ila haisimami mbele ya maisha ya Tolkien mwenyewe. Mwaka 1927 mwandishi wa Kiingereza E.A. Wyke-Smith alichapisha kitabu cha watoto kiitwacho The Marvellous Land of Snergs, kuhusu jamii ya watu wafupi, wakunjufu, wapenda karamu. Tolkien aliwasomea watoto wake kitabu hicho nao wakakipenda sana. The Hobbit ilitoka mwaka 1937, miaka 10 tu baadaye, ikiwa na jamii ya watu wafupi, wakunjufu, wapenda chakula. Na Tolkien, mtu mwaminifu, alikiri baadaye kwamba huenda kitabu kile kilikuwa chemchemi ya hobiti wake bila yeye kutambua. Alikiri pia kwamba mabwawa ya wafu, moja ya sehemu zinazosifiwa kuliko zote katika The Lord of the Rings, yana deni kwa riwaya za William Morris, mwandishi aliyekuwa hai Tolkien alipozaliwa. Kati ya Tolkien na Brooks ipo miaka zaidi ya 20. Kati ya Wyke-Smith na Tolkien ipo 10. Kama ukaribu ndio kosa, basi mshitakiwa wa kwanza si Brooks. Mimi sitaki kumshitaki yeyote kati yao. Nataka kipimo kiwe kimoja.

Tena Tolkien ndiye aliyetupa kipimo bora kuliko vyote. Katika insha yake juu ya hadithi za kimiujiza, iliyotokana na mhadhara alioutoa St Andrews mwaka 1939, alifananisha hadithi na supu, akatuasa turidhike na supu iliyowekwa mbele yetu badala ya kudai kuona mifupa ya ng'ombe iliyochemshiwa. Wanaojiita walinzi wa Tolkien wamekuwa wakihesabu mifupa ya Brooks tangu 1977. Bwana wao aliwakataza kabla Brooks hajaanza kuandika.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu zetu za kuikataa hesabu hiyo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert inasimulia habari za Adili, liwali wa Janibu, anayewapiga kila usiku manyani wawili ambao kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa, hadi habari zinapomfikia mfalme Rai. Katika Alfu Lela U Lela kuna liwali wa Basra, Abdullah bin Fadhil, anayewapiga kila usiku mbwa wawili ambao kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa, hadi habari zinapomfikia Harun Rashid. Kiunzi ni kimoja, tukio kwa tukio. Je, kuna mwalimu wa fasihi Tanzania au Kenya anayekitupa Adili na Nduguze kwa sababu hiyo? Hatukitupi, kwa sababu tumekisoma. Tunajua Shaaban Robert alikifanyia nini kisa hicho: alivyowaita ndugu hao Hasidi na Mwivu na kuyafanya majina yao kuwa mzigo wa hadithi nzima, alivyokihamisha kutoka mji halisi hadi nchi isiyo katika ramani, na juu ya yote ile lugha yake, ambayo hakuna Basra wala Baghdad iliyompa. Vivyo hivyo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetujia katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 akiwa na kiko chake na rafiki yake Najum. Kila mtu anaona kivuli cha Sherlock Holmes, na kila aliyesoma anaona pia Unguja, na watu wa Unguja, na namna ya kufikiri ambayo London haikuwa nayo. Uwezo huo wa kuona kivuli na mtu kwa wakati mmoja tunao. Sioni sababu ya kuuweka pembeni tunapofungua kitabu cha Mmarekani.

Tuhuma hii ina madhara mengine ambayo hayazungumzwi: imekikinga kitabu dhidi ya lawama zake za haki. Kwa kuwa wote wanashughulika na nani alimwiga nani, hakuna anayeuliza kwa nini katika riwaya yenye kurasa zaidi ya 700 kuna mwanamke mmoja tu wa kukumbukwa, Shirl Ravenlock, naye anaingia ili aokolewe na kupendwa na Menion Leah, rafiki yake Shea. Hilo ni kosa kubwa kuliko kufanana kokote. Tena linaivunja tuhuma yenyewe, kwa sababu Tolkien, ambaye naye hakuwa mwingi wa wanawake, ana Galadriel na ana Éowyn, mwanamke anayemuua mkuu wa wapanda farasi weusi uwanjani. Mnakili mwenye akili angemnakili Éowyn kwanza. Hakuna anayesema kwamba Brooks hueleza kila hisia mara mbili pale ambapo mara moja ingetosha, au kwamba Allanon huhutubia kurasa kwa kurasa wakati hadithi inasubiri. Mimi nazisoma hotuba hizo kwa shida. Hizi ni kasoro za mwandishi kijana asiyeamini bado kwamba msomaji atamwelewa, na ndizo zinazostahili kujadiliwa. Tungezijadili tungemfahamu Brooks. Tumebaki na Tolkien pande zote mbili za mjadala.

Wala hatungeshangazwa na kilichofuata. The Elfstones of Shannara ilitoka mwaka 1982. Kiini chake ni Amberle, binti wa ukoo wa kifalme wa Kielfi, aliyechaguliwa kuuhudumia mti unaowazuia mashetani wasirudi duniani. Mti unakufa, na Amberle lazima abebe mbegu yake hadi kwenye moto wa mbali ili mti uzaliwe upya. Mwishoni anagundua kwamba mti huo mpya ni yeye mwenyewe, na anakubali. Miaka mitano tu baada ya kitabu kilichoitwa wizi, mwandishi yuleyule anaandika hadithi isiyo na mwenza wowote kwa Tolkien, na anamweka mwanamke katikati. Hakufika hapo kwa kuruka. Alipita njia ya mtu aliyempenda, akaijua, akaiacha. Wengi huanza hivyo. Robert Jordan, alipotoa The Eye of the World mwaka 1990, alikusudia kabisa kurasa zake za mwanzo zimkumbushe msomaji Shire, na watu wakamfuata juzuu baada ya juzuu, kwa sababu kufikia wakati huo walikuwa wamejifunza kusubiri. Brooks ndiye aliyelipia somo hilo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naijua tabia hii ilivyo hapa kwetu. Kijana akitunga kisa cha Kiswahili chenye pete, joka au shule ya uchawi, sentensi ya kwanza anayoisikia ni kwamba amemwiga fulani, na aghalabu huwa ndiyo ya mwisho pia. Hakuna anayemuuliza joka lake linataka nini. Hakuna anayesoma hadi sura ambayo sauti yake mwenyewe inaanza kutoka. Kama wahariri wa Ballantine wangekuwa na mkono mwepesi wa namna hiyo mwaka 1974, Amberle asingeandikwa.

Basi ombi langu kwa msomaji ni hili. Chukua The Sword of Shannara, hata kama umekatazwa na watu unaowaheshimu. Katika theluthi ya kwanza utakutana na Tolkien kila kona; mpungie mkono, uendelee. Fika kwa Panamon Creel. Fika kwa Keltset chini ya mwamba. Fika pale Shea anaposhika upanga na kujiona alivyo, kisha funga kitabu ujiulize kama umewahi kuusoma mwisho huo mahali pengine. Ukiniletea jina la kitabu hicho, nitalisikiliza shitaka lako upya.